Kadi ya Mbele Hainunuliwi

Nianze na hasira zake, zangu zitafuata.

Mama Kadi alikasirika tangu duka linafunguliwa hadi linafungwa. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Nasema kazi yake ilikuwa kuuza kadi za salamu, na muuza kadi huona mambo ambayo muuza misumari hayaoni. Mtu akija kununua msumari, ananunua msumari, anakwenda zake. Akija kununua kadi, anageuka kuwa kiumbe mwingine.

Duka letu lilikuwa la vifaa vya shule na ofisi: madaftari, kalamu, gundi, rula, bahasha za kaki. Mimi nilikuwa kwenye mashine ya fotokopi, ndiyo maana dukani wote waliniita Fotokopi. Yeye alikuwa kona ya dirishani na stendi yake ya waya, ile ya kuzunguka, iliyolia kama mlango wa banda kila ikiguswa. Kila aina ya kadi ilikuwa na kishubaka chake. Za kuzaliwa juu, kisha za harusi, za hongera, za ugua pole, na chini kabisa za rambirambi. Mimi na yeye tulikaa hatua chache tu, kwa hiyo miaka yote ile nilisikia kila alichowaambia wateja. Mengi yalikuwa matusi ya heshima.

"Baba, hiyo ni kadi au samaki?"

Huyo alikuwa fundi saa wa mtaa wa pili. Kila kadi aliyoishika aliifungua, akaingiza pua kwenye mkunjo, akafumba macho, akavuta pumzi. Akiiweka anachukua nyingine, pua tena.

"Nataka ambayo haijakaa sana," alijibu fundi saa.

"Kwani unakwenda kuichemsha?"

Alikuwepo pia mwalimu aliyekuja wakati wa mapumziko, akasoma kadi zote kwa sauti, kuanzia kichwa hadi jina la kiwanda kule nyuma, na akikuta koma imekosekana anasonya. Walikuwepo wa kugeuza kadi kwanza waone bei, ndipo waamue kama ni nzuri, wakaniachia stendi nzima imewapa watu mgongo. Nasema wakaniachia kwa sababu Mama Kadi akichoka kuzigeuza alinipigia kelele nije nimsaidie, kana kwamba ni mimi niliyewazaa. Na kadi ya kuimba hakuna aliyeifungua mara moja tu. Anaifungua, inaimba, anaifunga kwa kushtuka, anatazama kushoto na kulia, halafu anaifungua tena kuona kama bado inaimba.

"Itaimba tu, ndugu yangu. Haijafa."

Wanaume ndio walimmaliza kabisa. Mwanaume anataka kadi ya mapenzi ampelekee mke wake, mke wa ndoa, mama wa watoto wake, lakini atainunua kama anaiba. Atachukua rula asiyoihitaji, daftari mbili, kadi ataichomeka katikati, kisha atatazama dari mpaka apewe chenji. Mmoja alijitetea kabla hajaulizwa. "Hii ni ya ofisini," alisema. Mama Kadi akaitazama kadi, ina moyo mwekundu mkubwa kama sahani, akaifunga vizuri kwenye mfuko. "Ofisi yenu ina upendo," alisema.

Kulikuwa na kosa moja tu ambalo hakulikemea. Mtu akitafuta kadi ya ugua pole, mkono wake mara nyingine ulishuka bila yeye kutaka mpaka kwenye kishubaka cha rambirambi. Akishtuka anauvuta mkono haraka na kuupangusa kwenye nguo. Hapo Mama Kadi aligeuka akatazama barabara dirishani mpaka mtu yule amalize.

Lakini kilichompandisha mori kuliko vyote ni kadi ya mbele.

Chukua siku moja ukasimame karibu na stendi ya kadi, utaona. Mteja ataishika kadi ya mbele, ataifungua, ataisoma, atacheka nayo, ataipenda. Kisha atairudisha pale pale, atapenyeza vidole nyuma yake, atavuta nyingine inayofanana nayo kabisa, na hiyo ndiyo atakayolipia. Haijalishi ni tajiri au fukara, mcha Mungu au mlevi. Ya mbele hainunuliwi. Inapokea vidole vya mji mzima, pembe zinakunjika, rangi inapauka kwa jua la dirishani, na inabaki imesimama palepale. Mama Kadi aliziita askari. Kila kishubaka kilikuwa na askari wake, na kila Jumamosi aliwapangusa kwa kitambaa.

"Wanakuchezea tu, baba," alimwambia askari wa harusi. "Kuoa hawakuoi."

Siku moja nilimuuliza kwa nini asimsogeze askari nyuma, mteja amchukue bila kujua. Alinitazama kama nimemtukania mama.

"Mdogo wangu, mtu akinyoosha mkono kwenda nyuma, ujue kuna mtu anamfikiria. Nimdanganye?"

Hilo lilikuwa jibu lake, na aliendelea kununa kwa sababu nimemuuliza.

Yeye naye alikuwa na kamchezo kake, ingawa ungemwambia angekana. Kila mzigo mpya ulipofika kulikuwa na kadi ya kuku aliyeshika mwavuli, vifaranga wamejibanza chini yake, mmoja amebaki nje analowa huku akicheka. Ndani haikuandikwa chochote. Mama Kadi alimpenda kuku yule kupita kiasi. Alizichukua kadi zake akazificha nyuma kabisa ya kishubaka cha rambirambi, mahali ambapo hakuna mtu anapenda kupekua. Ikitokea mteja kamfukua kuku, Mama Kadi alimuuzia, kisha alinuna mpaka jioni.

"Si uinunue tu mwenyewe?" nilimwambia.

"Mtu hajinunulii kadi."

Na hapo ndipo palipokuwa na kidonda chake. Niliwahi kwenda kwake siku ya kuzaliwa kwake. Chumba safi, kabati la vyombo limefutwa, juu ya kabati picha za watoto na redio. Nyumba za majirani zote zilikuwa na kadi zimesimamishwa juu ya makabati, na zote zilitoka mikononi mwake. Kwake hapakuwa na hata moja. Mumewe, fundi bomba, mtu mwema na mcheshi, alicheka nilipouliza.

"Nimpe kadi huyu? Si sawa na kumpelekea mkaa muuza mkaa?"

Watoto wake walimletea viatu, blanketi, hata jiko la gesi. Yeye naye alicheka na wageni, akatukaribisha chai. Ila tulipokuwa wawili jikoni tukiosha vikombe, aliniambia kwa hasira, kana kwamba ni mimi niliyemnyima.

"Kinyozi hajinyoi, sawa. Lakini kinyozi naye ana kichwa! Mimi nataka siku moja tu mtu asimame, apekue, apoteze muda wake, anichagulie mimi. Ya nyuma. Siku nikiondoka pale dukani nataka niondoke na kadi ya nyuma."

Sasa niingie kwenye hasira zangu.

Mzee mwenye duka alichoka miguu akabaki nyumbani, duka akamwachia mwanawe. Tulimwita Bosi Mdogo. Mzee alikuwa akipita asubuhi, anamsalimia Mama Kadi, anazungusha stendi mara moja ilie, anacheka, anakwenda ofisini. Bosi Mdogo siku ya kwanza aliisikia stendi ikilia, akaagiza itiwe mafuta. Ya pili, akasimama pembeni amekunja mikono, akamtazama fundi saa akinusa.

"Mama," alimwambia baadaye, "mteja anakuja, anachukua, analipa, anaondoka. Hapa si maktaba. Wanazichafua kadi halafu hawazinunui."

"Wananunua, mwanangu. Wanachelewa tu."

"Wanachafua."

Wiki ile ile zikaja karatasi za plastiki. Mama Kadi mwenyewe ndiye aliyeketishwa kwenye kiti chake azifunge kadi moja moja, azibandike gundi, na askari wake nao akawafunga hivyo hivyo na pembe zao zilizokunjika. Juu ya stendi likabandikwa bango: UKIFUNGUA UMENUNUA. Lilitoka kwenye mashine yangu, maandishi meusi kwenye karatasi nyekundu, na nililitoa huku nimeuma meno.

Fundi saa alikuja, akanusa plastiki, akairudisha, akatoka kama mtu aliyenyimwa chakula. Mwalimu alisoma sehemu za nje tu, akamaliza upesi, akasimama hajui afanye nini na mapumziko yaliyobaki. Plastiki zile zilikuwa na kelele, kwa hiyo mwanaume akigusa kadi ya mapenzi duka zima linageuka. Wakaanza kununua rula peke yake. Na hao wachache waliothubutu kununua kadi, hata ndani ya plastiki, bado waliiacha ya mbele wakavuta ya nyuma. Mama Kadi alikaa kwenye kona yake bila wa kumkemea. Mtu asiyemjua angedhani ametulia. Mimi nilimjua. Alikuwa anakauka.

Kadi zisiponunuliwa lazima apatikane mwenye kosa, na Bosi Mdogo hakutazama mbali. Alisema uso wa Mama Kadi unafukuza wateja. Uso ule ule uliokuwa ukiwakunjia watu ndita miaka yote, na watu wakarudi, wakaleta na watoto wao! Damu ilinichemka. Nilimfuata ofisini, nikamwambia kilichofukuza wateja ni plastiki yake. Alinijibu taratibu, huku anatazama simu, kwamba kona ile itawekwa makava ya simu, kwamba makava hayahitaji mtu wa kukaa nayo, na kwamba Mama amefanya kazi nzuri, mwisho wa mwezi apumzike.

"Apumzike? Amekwambia amechoka?"

"Fotokopi, kuna mteja kwenye mashine yako."

Nilitaka kuacha kazi siku ile ile. Mama Kadi ndiye aliyenishika mkono.

"Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi," alisema. "Ukiondoka na wewe, mashine ataiweka mlangoni watu wajitolee kopi wenyewe. Kaa hapo. Mimi naondoka na kadi yangu tu."

"Kadi gani?"

"Si kutakuwa na hafla? Mtu akiondoka mahali anapewa kadi. Nimeziuza za watu wa benki, za zahanati, za shule. Mzee amemwambia kijana lazima anifanyie. Sasa hapo atanichagulia." Alisema hivyo akiwa amekunja uso, lakini alikuwa ameshaanza kuipanga stendi upya. Aliwapangusa askari, akazinyoosha za nyuma, hata bango akalifuta vumbi. Anamwandalia mtu mahali pa kuchagua! Niligeukia mashine yangu.

Hafla ikawa siku yake ya mwisho, jioni kabla ya kufunga. Soda, biskuti kwenye sinia la chuma, sisi wafanyakazi wachache na keshia aliyekuwa bado anajumlisha mauzo. Mama Kadi alivaa vizuri. Bosi Mdogo alifika amechelewa, simu sikioni. Nilimwona kwa macho yangu. Alipita kwenye stendi bila kusimama, mkono mmoja simu, mkono mwingine ukachomoa kadi ya mbele kwenye kishubaka cha hongera, kama mtu anavyochomoa tiketi. Hakuitazama. Alikuja nayo mpaka katikati yetu, akakata simu, akakohoa.

"Mama, kwa niaba ya duka, tunakushukuru sana kwa utumishi wako. Karibu sana hata kama mteja."

Akampa. Watu wakapiga makofi.

Ilikuwa bado ndani ya plastiki. Hakuifungua, kwa hiyo ndani hakukuwa na neno wala sahihi. Bei ilikuwa imebandikwa bado. Nje kulikuwa na mtoto amevaa joho na kofia ya mahafali, na maandishi ya dhahabu: HONGERA KWA KUFAULU MTIHANI. Pembe ya juu ilikuwa imekunjika.

Mama Kadi aliishika kwa mikono miwili. Akaigeuza. Akapitisha kidole gumba kwenye ile pembe, juu ya plastiki aliyoibandika yeye mwenyewe.

"Asante, mwanangu," alimwambia. Kisha akanitazama mimi, kwa sababu ni mimi tu ambaye ningemwelewa. "Ni askari," alisema.

Shukrani ya punda ni mateke, najua, nimeisikia tangu utotoni. Lakini punda angalau anakulenga. Huyu hakumlenga. Angekuwa amempa makusudi, ningemchukia nikalala usingizi. Nilichoshindwa kumeza ni kwamba alikuwa anatabasamu, anachukua biskuti, anaamini kabisa kwamba ametoa kadi.

Niliweka soda yangu juu ya mashine, nikaenda kwenye stendi.

"Fotokopi, unafanya nini?" aliuliza Bosi Mdogo.

"Nanunua kadi."

"Sasa hivi?"

"Kwani duka limefungwa?"

Nikachukua ya kwanza, nikachana plastiki. Ilipiga kelele nzuri. Nikaisoma kwa sauti, yote, mpaka jina la kiwanda, nikasonya. Nikairudisha. Nikachana ya pili. Hiyo niliigeuza nione bei, nikaipeleka dirishani kwenye mwanga, nikairudisha. Hakuna kadi ya mwanamke anayefukuzwa kazi akiambiwa apumzike, hawajaichapa bado, na kila hongera niliyoifungua ilinizidishia hasira. Nikafungua ya kuimba. Ikaimba. Nikaifunga, nikaifungua tena.

"Bango linasema ukifungua..."

"Nimenunua. Najua linasema nini, limetoka kwenye mashine yangu. Nimenunua hii, na hii, na hii."

Keshia aliacha kujumlisha. Hakuna aliyekula biskuti tena. Bosi Mdogo alitazama saa yake, akatutazama, akaona kwamba hakuna anayemtazama yeye.

"Wewe!" Ilikuwa sauti ya Mama Kadi, kali kama zamani. "Za harusi unazirudishia kwenye hongera? Nani atakuja kuzipanga?"

"Usinisumbue, nachagua."

"Unachagua au unapekua? Toa mikono michafu hapo, umetoka kushika wino!"

"Mama, hapa mteja ni nani, na muuzaji ni nani? Kaa kwenye kiti chako."

Akakaa. Alikaa kweli, kwenye kiti chake cha kona, na akaendelea kunikemea akiwa pale. Ndipo nikapiga magoti, nikapeleka mkono chini kwenye rambirambi. Nikaipita kadi ya mbele, nikazipita zilizofuata, vidole vikaenda mpaka vikagusa waya wa nyuma. Kuku alikuwepo. Amebaki mmoja tu. Nilimtoa, nikachana plastiki, nikaingiza pua kwenye mkunjo, nikavuta pumzi. Alinukia gundi na vumbi. Bahasha yake ilikuwa ya kijivu, nikaikataa, nikatafuta ya njano, nikapima kama kadi inaingia, ikaingia.

"Niazime kalamu."

"Kila mtu kalamu yangu, kila mtu kalamu yangu," alisema Mama Kadi, akanipa.

Nikaegemea meza yake kama wanavyofanya wote, nikaziba kwa mkono asione, naye akageuka akatazama barabara dirishani. Sikujua niandike nini. Mwisho niliandika jina lake, lile halisi alilopewa na wazazi wake, ambalo dukani hakuna aliyewahi kulitumia. Chini nikaweka langu. Wakati mimi naandika, yeye aliinuka, akaichukua ile kadi ya mtihani aliyopewa, akairudisha kwenye kishubaka cha hongera. Mbele, mahali pake. Akainyoosha ile pembe kidogo kwa kucha.

Nikampa bahasha ya njano.

Aliitoa kadi, kwanza akaigeuza akatazama bei. Akanitazama mimi. Kisha akamwona kuku na mwavuli wake, akakunja uso kabisa, uso ule waliosema unafukuza wateja, midomo imebanwa, machozi yanashuka kwa hasira.

"Umeitoa nyuma?"

"Nyuma kabisa. Umenichosha."

Akaifungua. Akasoma lile jina, midomo ikacheza. Halafu Mama Kadi, mbele ya bosi, keshia na sinia la biskuti, akaingiza pua kwenye mkunjo akafumba macho.

"Mama Kadi," nilimwambia, "hiyo ni kadi au samaki?"

Alivuta pumzi tena. Bosi Mdogo alianza kuzima taa, moja baada ya nyingine, mpaka akafika ya dirishani, na hata hapo Mama Kadi hakuinua kichwa kwenye kadi yake.